Hesabu ya Kustaafu Isingoje Barua ya Kustaafu

Zamani kikokotoo kilikuwa kitu cha darasani na dukani: kidude cha vitufe kinachojumlisha na kugawanya kwa niaba ya aliyechoka. Tangu mwaka 2018 neno hilo limepata maana ya pili hapa Tanzania, na hiyo ndiyo inayowanyima watu usingizi. Kikokotoo sasa ni ile kanuni ya kisheria inayoamua kwamba mtumishi aliyefanya kazi miaka thelathini ataondoka na kiasi gani mkononi, na atapokea kiasi gani kila mwezi hadi siku ya kufa kwake. Kimejadiliwa Bungeni, kimejadiliwa katika sherehe za Mei Mosi, kimejadiliwa hata misibani. Lakini katika mjadala huo wote tumebaini jambo moja la kusikitisha: wengi wanaokilalamikia hawajawahi kukitumia. Wanazijua asilimia, hawazijui shilingi zao wenyewe.

Ndugu msomaji, tunaomba tukumbushane kwa kifupi jinsi tulivyofika hapa. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, yaani PPF, PSPF, GEPF na LAPF, iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, huku NSSF ukibaki kwa ajili ya sekta binafsi. Kanuni mpya zilizofuata zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25 kwa watumishi waliokuwa wamezoea asilimia 50. Malalamiko yalikuwa makubwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika katika kipindi cha mpito hadi mwaka 2023. Hata hivyo, tarehe 1 Julai 2022 kanuni nyingine zilianza kutumika, safari hii mkupuo ukiwa asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya mwaka 2024/2025 Serikali iliongeza: waliokuwa wa asilimia 50 wakapewa 40, na waliokuwa wa 25 wakapewa 35. Hapo ndipo tulipo.

Sasa tuiangalie kanuni yenyewe, maana si ngumu kama inavyosemwa. Chukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora kuliko yote ndani ya miaka kumi ya mwisho ya kazi. Zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia. Gawanya kwa 580. Jibu hilo ni pensheni yako ya mwaka mzima kabla haijakatwa kipande cha mkupuo. Kipande hicho, yaani asilimia 40 kwa mtumishi wa umma tunayemzungumzia, huzidishwa mara 12.5 na kulipwa kwa pamoja siku ya kustaafu. Asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa 12, nayo ndiyo pensheni ya kila mwezi.

Tumchukue mwalimu ambaye wastani wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na 12,000,000 kwa mwaka, na amechangia miezi 360 bila kukosa hata mmoja. Pensheni yake ya mwaka ni shilingi 7,448,276. Mkupuo wake ni 37,241,379. Kila mwezi atapokea 372,414. Kwa kanuni ya mwaka 2022 angepata mkupuo wa 30,724,138 na 415,862 kwa mwezi. Na kwa kanuni ya zamani ya PSPF, iliyogawanya kwa 540, ikazidisha mara 15.5 na kutoa nusu, kama mshahara wake wa mwisho ulikuwa huo huo milioni moja, angeondoka na shilingi 62,000,000 taslimu na kupokea 333,333 kwa mwezi.

Hapo kuna mambo mawili yanayohitaji kutazamwa kwa macho makavu. La kwanza: tofauti kati ya kanuni ya zamani na ya leo ni karibu shilingi milioni 24.8 za mkupuo, na badala yake mwalimu anaongezewa shilingi 39,081 kwa mwezi. Ukigawanya, utaona kwamba anahitaji kuishi miaka zaidi ya 52 baada ya kustaafu ili nyongeza hiyo ifidie pengo. Anayestaafu akiwa na miaka 60 atakuwa na miaka 112. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba watumishi walilalamika kwa sababu ya kutojua hesabu. Walijua. Na udhaifu wa mifuko, ambao ndio uliotolewa kama sababu ya kubana mafao, haukuletwa na mwalimu wa shule ya msingi. Sehemu yake kubwa ilitokana na deni la Serikali kwa watumishi walioajiriwa kabla ya mfumo wa kuchangia kuanza mwaka 1999.

La pili linakwenda upande mwingine, na pengine halitawafurahisha baadhi ya wasomaji wetu. Ile nyongeza ya mwaka 2024, kutoka asilimia 33 hadi 40, ilishangiliwa kama zawadi. Lakini mwalimu wetu aliyeongezewa shilingi 6,517,241 za mkupuo alipunguziwa shilingi 43,448 za kila mwezi. Gawanya: ni miezi 150, yaani miaka kumi na miwili na nusu. Akifariki kabla ya hapo, ya asilimia 40 ilimfaa zaidi. Akivuka miaka 72 na nusu, kila mwezi unaofuata ni hasara kwake. Hakuna aliyempa mtu kitu. Fedha yake ilihamishwa kutoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto. Pengine uhamisho huo una faida, kwa maana shilingi ya leo ina nguvu kuliko ya kesho, na mwenye kiwanja kilichosimama kwenye msingi anajua thamani ya bati la leo. Hatuupingi. Tunachosema ni kwamba vyama vya wafanyakazi vilipaswa kuwaeleza wanachama wao pande zote mbili za shilingi hiyo, tena kwa tarakimu.

Kwa ajili hiyo tunaunga mkono kwa moyo wote vyombo vya kukokotolea vilivyowekwa kwenye mtandao wa intaneti. PSSSF ina huduma inayoitwa PSSSF Kiganjani, ambayo mwanachama huitumia kwa simu janja au kompyuta kuona michango yake. NSSF nayo ina huduma ya namna hiyo kwa wanachama wake. Mamlaka ya Mapato, TRA, imeweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha kodi ya mshahara. Kinachotakiwa kwa mwanachama ni namba yake ya uanachama, simu na nusu saa ya utulivu. Asiyejua kutumia amwombe mwanawe, lakini neno la siri abaki nalo mwenyewe.

Tahadhari moja ndogo: mtandaoni vimejaa vikokotoo vya kustaafu vilivyotengenezwa Marekani. Vitakuuliza kuhusu kodi ya jimbo lako, kuhusu akaunti ya 401(k), na vitakushauri uchote asilimia 4 ya akiba yako kila mwaka. Vimetengenezwa kwa uaminifu kwa watu wa kule. Jibu litakalotoka huko halina uhusiano wowote na barua utakayopewa hapa.

Kitu cha kwanza cha kutafuta katika chombo cha mfuko wako si jumla ya mafao, ni orodha ya miezi. Hapa ndipo penye jambo la haki, na ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Katika kanuni tuliyoieleza, kila mwezi mmoja ni sehemu moja ya 580. Kwa mwalimu wetu, mwezi mmoja ambao mwajiri aliukata kwenye mshahara lakini hakuupeleka kwenye mfuko unamgharimu shilingi 103,448 za mkupuo, na shilingi 1,034 kila mwezi kwa maisha yake yote. Mwaka mmoja uliopotea ni mkupuo pungufu kwa shilingi 1,241,379 na pensheni pungufu kwa 12,414. Aidha, sheria inadai angalau miezi 180 ya kuchangia ili mtu apate pensheni ya kila mwezi. Aliyefanya kazi miaka kumi na mitano na nusu katika shule binafsi, akakuta miezi saba haimo, amebaki na 179. Kwa ajili ya mwezi mmoja hapati pensheni.

Mwajiri anayekata mchango na kuubakiza amechukua ujira wa mtu, tena ujira wa uzee wake, wakati ambapo hatakuwa na nguvu ya kuudai wala ya kutafuta mwingine. Tunawaambia hivyo wenye mashamba, wenye makampuni ya ulinzi na wenye shule. Taasisi za dini hazina msamaha katika jambo hili: mpishi wa shule ya seminari, mlinzi wa hospitali ya misheni na karani wa parokia wana haki sawa na karani wa wizara. Utumishi wa moyo hauondoi mchango wa mfuko.

Tena kuna dhuluma nyingine iliyo kimya zaidi, nayo ni kucheleweshwa kupanda daraja. Kwa kuwa kanuni inatazama miaka mitatu bora ya mwisho, mtumishi aliyestahili kupandishwa akiwa na miaka 56 na akapandishwa akiwa na 59 anaadhibiwa mara mbili: kwanza kwa mshahara alioukosa, kisha kwa pensheni. Kama ucheleweshaji huo utashusha wastani wa mwalimu wetu kutoka milioni moja hadi 900,000, mkupuo wake utapungua kwa shilingi 3,724,138 na pensheni yake kwa 37,241 kila mwezi, maisha yake yote. Malimbikizo ya mshahara yakilipwa baadaye bila kurekebisha hesabu ya mafao, deni limelipwa nusu.

Hayo ndiyo mambo ambayo mtu anaweza kuyarekebisha akiwa na miaka 48 au 50, wakati hati za malipo ya mshahara zingalipo na mhasibu aliyeziandika bado yuko kazini. Akingoja miezi sita kabla ya kustaafu, atakuwa msafiri wa kwenda na kurudi mkoani, akiomba ushahidi wa mwaka 2003 kwenye ofisi iliyokwisha kuhama mara mbili.

Tuje sasa kwenye kodi, ambayo watu wengi huiacha nje ya hesabu kwa sababu wamezoea kukatwa bila kuulizwa. Mwalimu wetu anapopokea mshahara wa 1,000,000, hukatwa kwanza mchango wa pensheni wa asilimia 5, yaani 50,000. Kodi hukokotolewa kwenye 950,000 iliyobaki. Kwa viwango vinavyotumika, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Zinazofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kisha asilimia 20 hadi 760,000. Kisha asilimia 25 hadi milioni moja. Kodi yake inakuwa shilingi 115,500. Ukitoa bima ya afya asilimia 3 na ada ya chama asilimia 2, anabaki na 784,500, kama hana mkopo. Hicho ndicho kipato cha kulinganisha na pensheni, si ile milioni inayoandikwa kwenye barua ya ajira. Pensheni ya 372,414 ni chini kidogo ya nusu yake. Mtu akilijua hili akiwa na miaka hamsini, anaweza kuanza kuishi kwa kiasi hicho pole pole, badala ya kuangukia humo siku moja kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Kodi inayomkuta mstaafu hupitia milango mingine. Tuseme ameuweka mkupuo wake wote benki kwenye amana ya muda maalumu kwa riba ya asilimia 8. Mwaka utamletea shilingi 2,979,310, lakini benki itakata kodi ya zuio ya asilimia 10, abaki na 2,681,379, sawa na kama 223,448 kwa mwezi. Akijenga vyumba vya kupangisha, pango nalo lina kodi ya zuio ya asilimia 10, tena hutozwa kwenye pango lote, si kwenye faida iliyobaki baada ya kupaka rangi na kuziba paa. Kodi ya majengo nayo hukusanywa kupitia umeme wa LUKU tangu mwaka 2021. Na dukani kodi ya ongezeko la thamani haimwulizi mtu kama bado ameajiriwa. Kwa hiyo anayepiga hesabu ya kipato cha uzeeni aandike safu mbili: kinachoingia kabla ya kodi, na kinachofika mkononi.

Ipo na safu ya tatu ambayo hakuna kikokotoo cha mfuko kinachoionyesha, nayo ni bei. Tukichukulia kwamba bei zinapanda kwa asilimia 3 tu kwa mwaka, kitu cha shilingi 100,000 leo kitakuwa 142,600 baada ya miaka kumi na miwili. Pensheni isipoongezwa kwa mwendo huo huo, mstaafu wa miaka 72 atakula kama asilimia 70 ya chakula alichokula akiwa na 60, wakati ambapo dawa za presha na kisukari zimeongezeka. Ni kweli pensheni zimewahi kupandishwa, lakini kupandishwa kwa huruma ya mwaka fulani si sawa na kupandishwa kwa kanuni inayojulikana. Hili ndilo dai ambalo tungependa kulisikia Mei Mosi kwa sauti ile ile iliyodai asilimia za mkupuo.

Wala chombo cha mtandaoni hakijui mambo ya nyumbani. Hakijui kwamba mtoto wa mwisho yuko kidato cha tatu, wala kwamba mkopo wa benki uliochukuliwa ukiwa na miaka 57 utamalizwa na mkupuo. Hakijui shemeji aliyekwisha kusikia tarehe ya kustaafu. Mambo hayo huandikwa kwa mkono kwenye daftari, mume na mke wakiwa wamekaa pamoja, maana tumeona nyumba ambazo mama hakujua kiasi cha mkupuo mpaka ulipokwisha. Andika miezi kumi na miwili ya mwaka wa kwanza, mmoja mmoja, pamoja na Januari yake ya ada na msimu wake wa mbolea. Weka pembeni fedha za miezi mitatu au minne ya mwanzo, kwa sababu mafao si kila mara hufika siku ileile mshahara unapokoma.

Tena wapo matapeli. Hupiga simu wakijitambulisha kuwa maofisa wa mfuko, hutaja jina na hata shule uliyofundisha, kisha huomba "ada ya kuharakisha faili". Mifuko yenyewe imewaonya wanachama mara nyingi dhidi ya watu hawa. Anayejua hesabu yake hadi shilingi ya mwisho ni vigumu kumdanganya kwamba kuna nyongeza yake iliyokwama mahali.

Tukiwaelekea wenye dhamana, tunayo maombi machache, na hatuoni lolote lililo juu ya uwezo wao. Chombo kilicho mtandaoni kinamsaidia mwenye simu janja na mtandao unaoshika. Muuguzi wa zahanati iliyo mbali na mnara, na mlinzi mwenye simu ya kitochi, wamechangia kwa asilimia zilezile. Kwa hiyo kila mwanachama anapofikisha miaka 50 mfuko umtumie kwa karatasi, kupitia mwajiri wake, orodha ya miezi aliyochangiwa, miezi inayokosekana, na makadirio ya mkupuo na pensheni akistaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 au kwa lazima akiwa na 60. Karatasi hiyo iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, ionyeshe kanuni na siyo jibu peke yake, na iwe na nafasi ya mwanachama kuandika "sikubaliani" na kuirudisha. Mwezi unaokosekana ukionekana, kazi ya kuufuatilia kwa mwajiri iwe ya mfuko, wenye wanasheria na wakaguzi, na si ya mpishi wa shule anayeogopa kupoteza kazi. Na siku Serikali itakapobadilisha tena asilimia, taarifa itolewe pamoja na mfano wa mshahara wa 400,000, wa 700,000 na wa 1,000,000, ukionyesha mkupuo na mwezi kwa pamoja, ili mtumishi asiambiwe kilichoongezwa bila kuambiwa kilichopunguzwa.